Oili Mbili za Gari la Renatus

Mugoma, Ngara

Kaka Renatus,

Shikamoo. Barua hii naituma Mwanza pamoja na mfuko wako wa maharage, tumevuna vizuri.

Ulisema gari lako la spoti niliwekee oili moja, kwenye giaboksi na kwenye difu ya magurudumu ya nyuma. Nimekataa. Fundi Minani anasema oili ya difu inakula zile pete za shaba zilizomo kwenye giaboksi. Kwa hiyo giaboksi nimeweka oili yake, GL-4, na difu yake, GL-5. Gia ya pili, iliyokuwa inagoma asubuhi za baridi, sasa inaingia bila kelele.

Jumatatu nilimpeleka Baba kliniki ya macho kwa gari lako. Haoni tena, Kaka, na kumbukumbu nayo inamtoka. Wakati wa kurudi, tukipanda mlima wa Bugarama, nilishusha gia akatabasamu. Akasema, "Renatus, siku hizi unaendesha kwa upole."

Sikumsahihisha. Nilishusha gia nyingine.

Tulipofika aliwaambia majirani wote kwamba umerudi, na tangu hapo anakula vizuri. Kwa hiyo ukimpigia simu, usiongee kama mtu aliye mbali.

Mdogo wako,
Koleta