Mkono wa Koti Lako

Shikamoo, Mama Kulwa.

Nimeinua kalamu hapa, kama vile nasubiri marahaba. Ujinga wangu ndio huo. Hata chai ya saa nne bado namimina vikombe viwili pale stoo, kisha nakunywa vyote mwenyewe, cha pili kikiwa kimepoa.

Tangu tukuzike, samaki wa bwalo la chuo nanunua mimi. Nilidhani kazi naijua. Miaka yote nilikuona ukimlaza sato juu ya mkono wako, kiwiko hadi kifundo, na asiyefika unamrudisha. "Huyu bado mtoto. Tukimla leo, wanafunzi wa mwakani watakula nini?"

Nami nikapima kwa mkono wangu. Mama, mimi ni mrefu! Wewe ulikuwa unanifika begani. Nikawa narudisha sato waliokomaa kabisa, najiona nina msimamo. Akina mama wa Kigongo, kule ziwani, waliokuuzia miaka yote wakalalamika. Mama Shija akaniambia, "Mwanangu, mkono huo siyo." Nikamjibu kwa jeuri kwamba mkono ni mkono.

Wiki ya tatu hakuja hata mmoja. Wanafunzi wakala maharage mfululizo mpaka wakaanza kugonga sahani. Bwana ugavi hakungoja. Siku hizi biashara ni huria, kila mwenye gari anatafuta tenda, akampa mmoja kwa majaribio ya mwezi. Analeta sato wa kiganja, matenga kwa matenga. Nikiwapara wananiponyoka vidoleni. Wapishi wenzangu wanasema chakula ni chakula, na mimi sina wa kumwambia. Nimekukumbuka mpaka nikakukasirikia, umeondoka bila kunieleza.

Jumatano mvua ilininyeshea, nikavaa koti lako la kaki lililobaki msumarini. Mikono yake ikaishia mbali na kifundo changu. Nikacheka. Halafu nikaelewa, nikakaa juu ya gunia la mchele nikalia.

Leo nimekwenda nalo Kigongo. Nimempigia magoti Mama Shija, nikamwomba radhi. Akachukua sato, akamlaza kwenye mkono wa koti, kiwiko hadi pindo. Akafika sawasawa. Mama Shija akakipapasa kile kitambaa muda mrefu. "Huu ndio wenyewe," akasema, kisha akageukia ziwa ili nisimwone uso.

Kesho watakuja na samaki wao. Kesho pia majaribio yanakwisha, gari la tenda litakuwa mlangoni na bwana ugavi amesimama. Ameshanionya: atakayekataa mzigo ule atafute kazi kwingine. Nitawapima wote mbele yake, wa gari na wa Kigongo, kwa mkono wako. Samaki watoto watarudishwa. Naogopa, Mama. Wewe ulikuwa unakohoa tu na watu wanaelewa. Mimi itanibidi niseme, na sauti yangu unaijua.

Nikirudi nimepitia kwa fundi pale Igoma, anishonee kifungo. Akasema pindo lina kitambaa cha kutosha, akilifumua mikono itanifika vizuri. Nimemkatalia.

Lala salama, Mama Kulwa. Koti lako nitalivaa hivyo hivyo, na mikono yangu ipigwe na baridi.

Mwanao wa stoo,
Neema