Matundu Manne ya Faneli

Kizota, Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Kilolo na baridi yenu? Kifua cha mama kimepata nafuu? Mimi ni mzima, nakula vizuri, hata mboga yao ya mlenda nimeizoea. Simu ya huko inakatakata, na haya ninayotaka kukueleza hayatoshi kwa dakika mbili, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua kwamba karakana hii ilinipa miezi mitatu ya majaribio, nichore kwenye kompyuta mashine za kukamua alizeti. Nikishindwa, narudi nyumbani kupiga randa nawe. Basi baba, wiki iliyopita nilibakiza kidogo tu nirudi.

Fundi wetu mkuu, mzee Ndahani, ni Mgogo, na unajua mwenyewe Mgogo akikutana na Mhehe. Kutwa ni utani. Siku hiyo nilikuwa nachora faneli, lile bakuli la bati la kumiminia mbegu. Niliifungua peke yake kwenye kompyuta, nikaichora, nikaona imekwisha. Mzee akachungulia nyuma yangu.

"We Mhehe, matundu hayo ya bolti umepimia nini? Haiingii hiyo!"

Nikacheka. "Babu, wewe rudi kwa ng'ombe wako."

Bati likakatwa, likachomelewa, likapandishwa juu ya mashine. Matundu yote manne yakapishana na ya mashine kwa upana wa kidole.

"Leo sikuwa natania, mtani wangu," akasema mzee kwa upole. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mwenye karakana akanipa siku mbili nirekebishe, la sivyo nifunge virago.

Ndipo nikakumbuka unavyotengeneza milango. Huumalizii mlango mezani. Unausimamisha kwenye fremu yake, unaona unapokwama, kisha unapitisha randa. Kumbe kompyuta nayo inakubali! Nikaifungua faneli humohumo ndani ya mchoro wa mashine nzima iliyokwisha kuungwa. Vipande vingine vikafifia kama vimeingia ukungu wa kwetu, ikabaki faneli tu. Matundu yake nikayaunganisha na matundu ya mashine yenyewe. Nikajaribu kusogeza ya mashine, na ya faneli yakafuata! Nikapiga kigelegele, watu wakadhani nimeona nyoka.

Jana tumeifunga faneli mpya. Bolti zote zimeingia kwa vidole, nyundo haikuguswa. Mzee akaizunguka mashine mara mbili akitafuta kosa, akalikosa. "Kumbe Mhehe akishiba anafanya kazi," akasema, na kila mtu akaangua kicheko. Nina furaha, baba, hata usingizi sipati.

Nisalimie mama, na bibi aliyeniombea hadi magoti yakamuuma. Kaka mwambie nafasi yangu pale mezani kwako aichukue.

Karibu nisahau. Kwenye kila mchoro kuna kisanduku cha jina la mchoraji, na changu kilikuwa kinaachwa wazi. Jana mama mwenye karakana aliniambia nikijaze, maana kuanzia Jumatatu mimi ni mwajiriwa. Nimeandika Ritha, kisha nikaandika jina lako.

Ni mimi binti yako ninayekupenda,
Ritha