Tofi Mkononi mwa Shemeji

Jumatano, 11 Juni

Sijutii. Sukari na asali zilikuwa zinachemka, nasubiri kutia karanga, Shabani akaingia jikoni kumfuata mkewe. Mdogo wangu Zuhura yuko kwangu tangu mumewe huyo amvunje jino.

"Shemeji, mwache."

"Wewe koroga tofi zako." Akamshika Zuhura nywele, akambamiza ukutani.

Nikammwagia mkononi. Tofi haitiririki kama maji, inanata. Akautumbukiza mkono kwenye maji baridi ninayopimia kama imeiva. Ikagandia humo humo, na alipoibandua ilitoka na ngozi.

Zuhura akanisukuma mimi, akaita bajaji, akampeleka hospitali.

Mlango sijaukomea, Zuhura asije akarudi akakosa pa kuingilia. Panga liko kitandani, endapo atatangulia Shabani.