Neno la Mizani

4 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu, na kama u mzima naomba uzima huo usiutumie vibaya. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua. Mdogo wako hajambo kwa maana ya kwamba anapumua. Taya limefungwa waya, jicho la kushoto wamelitoa, uji anaunyonya kwa mrija.

Tangu ukimbie, watu wananiuliza mimi, kwa kuwa nimekuwa keshia tangu duka letu lilipokuwa meza moja ya nyanya na vitunguu. Baba yako alijenga maduka saba kwa mikono yake, na mikono ile haikuwa ya kubembeleza. Jamaa aliyefungua duka mkabala nasi alihama na meno pungufu. Neno letu la mwizi ulilijua kabla hujajua kusoma: mmoja wetu akisema "pima tena", wapagazi wanafunga mlango na kumshukia aliye kwenye mizani, hata awe nani. Marehemu mume wangu alivunjwa mbavu kwa neno hilo, akipima unga aliopewa na Mzee mwenyewe. Nyundo, mpagazi aliyemvunja, akapandishwa cheo.

Sasa siku ile ya kugawana mali ya Mzee, mdogo wako anapima sukari, wewe ukasema, "Pima tena." Nimesikia kwa masikio yangu. Mlango ukafungwa. Nikapiga kelele, "Nyundo, huyo ni mwenye duka!" Akanijibu, "Na yule wa mbavu si alikuwa shemeji?" Rungu likashuka.

Mdogo wako kaandika kwenye karatasi: "Alisahau au alikusudia?" Kama ulisahau, urudi mgawane nusu kwa nusu, na kesi ya polisi ataifuta. Kama ulikusudia, hapo hakuandika kitu. Nijibu.

Shangazi yako

27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti. Barua yako imeniliza mpaka mwenye nyumba akaja kugonga.

Nilisahau, Shangazi! Kule tawini kwangu tuna mizani ya umeme, haina ubishi. Miaka kumi sijalitamka neno hilo. Niliona sukari ya upande wangu kama imepunjwa, ulimi ukateleza. Damu iliporuka kwenye magunia nikakimbia, kwa sababu Nyundo alinigeukia kama anayesubiri maagizo mengine.

Mwambie mdogo wangu nampenda. Tena umuulize: katika hiyo nusu kwa nusu, duka la stendi linakwenda kwa nani?

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku tunaendelea, uji sasa umekuwa mzito kidogo.

Nimemsomea. Alilia kwa jicho moja, lakini machozi yalikuwa ya macho mawili. La duka la stendi nililiruka, nikajifanya nakohoa. Amekwisha kumwita wakili aandike mgao. Nyundo yuko rumande, na malalamiko yake makubwa ni kwamba hajapewa likizo yake.

Mdogo wako anataka kukutumia nguo zako. Niambie unakaa wapi hasa. Na unafanya nini huko? Ninavyokujua, huwezi kukaa mikono mitupu.

Shangazi yako

2 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa uji mzito.

Nguo zije nyuma ya soko jipya, duka la mlango wa kijani, mkabala na mchomelea vyuma. Ndiyo, duka! Dogo, lakini damu ya Mzee haitulii. Yule mpagazi wangu wa tawini amenifuata. Mtu wa maana, sikuhitaji kumfundisha chochote: mwaka jana tu kule tawini tulinasa watatu kwa lile neno letu, wa mwisho akatoka anatambaa, sikio kalishika mkononi. Juzi tumenasa mmoja hapa. Nimetamka tu, mlango umefungwa kabla sijafunga mdomo! Sasa mtaa mzima unaniamkia. Mzee angefurahi.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepoa, asante kwa kutouliza.

Barua yako niliisoma kwanza peke yangu, nikaketi. Miaka kumi hujalitamka, na mwaka jana mmenasa watatu. Nikaenda kuisoma kwa sauti mbele ya mdogo wako, ila pale ulipotaja unapokaa nilipakohoa. Hapo pa mwaka jana aliniinulia kidole, nikarudia.

Waya umetolewa Jumanne. Neno la kwanza kinywani mwake lilikuwa, "Wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Nimewalea wote wawili, nimewafuta makamasi kwa kanga moja. Lakini mmoja ndiye ninayemfuta usaha sasa. Nikamwambia: soko jipya, mlango wa kijani, mchomelea vyuma.

Amemtoa Nyundo kwa dhamana. Nikamwambia, "We mtoto, una wazimu? Si huyu aliyekutoa jicho?" Akasema, "Ndiyo. Kazi yake naijua."

Wameondoka leo asubuhi kwa lori la duka. Mimi barua hii nampa dereva wa basi la mchana. Lori letu unalijua, kila kilima linaomba kupumzika, kwa hiyo huenda barua ikatangulia kwa saa moja hivi, au wao wakatangulia. Sikumhimiza dereva wa basi, wala dereva wa lori sikumchelewesha. Zaidi ya hapo sikuweza, mwanangu, si kwako wala kwake.

Shangazi yako