Karanga za Lango la Namboole

Haji Swaleh, rafiki yangu,

Ni mimi, Wekesa, Mkenya wako. Usianze kuniuliza habari za duka, nitafika huko. Nilikwenda nyumbani kwako Luzira kumpa mkeo habari hii, akanikatiza: "Mwambie mwenyewe, shemeji. Hiyo kazi alikupa wewe." Basi naandika, na Ijumaa nitakuja kukusomea hapo ulipolala. Watakaoniona kichaa, shauri yao.

Kazi yenyewe waijua. Tangu vita vya nchi yenu viishe, wewe na duka lako la sabuni hapa sokoni Kikuubo, mimi karani wa ghala la sukari mlango wa pili, hatukukosa mechi ya timu yenu ya taifa. Mechi za kawaida ulitazama mpaka filimbi. Lakini ile ya kuamua kama mtakwenda Kombe la Afrika, eh! Robo saa ya mwisho unainuka. "Jicho langu zito, Wekesa. Nikitazama, wanaharibu. Baki wewe, uje uniambie." Unatoka nje ya uwanja wa Namboole, unasimama kando ya nguzo ya umeme, umelipa lango mgongo, tasbihi mkononi.

Mara ya kwanza walipokosa kufuzu, nilishindwa kukutamkia. Nilinunua karanga kwa yule mama wa langoni nikakupa kimya kimya. Ukaelewa. Tangu hapo ikawa desturi yetu: ukiniona na karanga, huulizi. Tumezila karanga hizo, Haji, mpaka mvi zikatuota.

Unakumbuka mwanzo ule? Wachezaji wanakuja na basi la kuazima, wengine wametoka kazini mchana huo huo, na uwanja ni vumbi tupu. Yule beki aliyekuwa mteja wako, ulimzuilia sabuni yake mpaka akueleze kwa nini alimwachia mshambuliaji nafasi. Akaeleza, maskini, jasho linamtoka, na wapagazi wote wamesimama wanasikiliza. Mwisho ukamwongezea mche wa pili bure. Siku hizi vijana wanacheza ng'ambo, wanashuka kwenye ndege na sare zao, wana daktari, wana mpishi. Ulinung'unika kwamba hawa hawanunui sabuni Kikuubo. Lakini nilikuwa nakuona ukiwatazama kwenye televisheni ya duka, wateja wamepanga foleni na wewe husikii la mtu.

Na ile siku mliyocheza na sisi! Mlihitaji ushindi tu, na Kenya ikawabania mpaka mwisho, bila bila. Nilitoka nikanunua karanga. Nchi yangu imekunyima, na mimi ndiye wa kukuletea habari. Ukazitazama karanga, ukanitazama mimi: "Hizi nazo zimetoka Kenya?" Tukacheka mpaka machozi, na yako nilijua si ya kicheko. Sikukuambia siku ile, sasa nakuambia: niliwashangilia ninyi.

Kisha ukatuacha baada ya Idi, na mechi ya kuamua bado. Nusura nisiende. Wageni walikuwa Wakomoro, na babu yako alitoka huko huko. Nakujua, ungewapikia biriani wale washibe, kisha uombe wafungwe. Bao liliingia kipindi cha kwanza, moja tu, na tukabaki kulilinda kama yai. Robo saa ya mwisho nikageuka nikuambie, "Haya Haji, toka." Kumbe pembeni yangu yupo mwanamke nisiyemjua, anapuliza tarumbeta.

Filimbi ikalia. Wamefuzu, Haji. Wamefuzu! Watu wazima wanakumbatiana wanalia, na mimi miguu ikanitoa nje yenyewe. Nakimbia, napiga watu vikumbo, mpaka kwenye nguzo yako, mdomo nimeshaufungua.

Hapakuwa na mtu. Yule mama wa karanga aliponiona alikwisha kunja karatasi ya karanga, kwa mazoea tu, akaninyooshea. "Muzee wako leo yuko wapi?" Nililia, ndugu yangu, nimeshika nguzo ya umeme mchana kweupe, na watu wakanipita wakidhani ni furaha. Nikamwambia leo hapana karanga, mama. Akazirudisha kikapuni.

Duka lipo. Binti yako Zuhura ndiye anayeuza, mkali kukushinda. Televisheni ameiacha pale pale, na mimi bado naingia bila hodi. Stuli yako naiona kila siku, sijaizoea bila wewe.

Pumzika, rafiki yangu. Mungu wako na wangu akulaze pema. Nakuahidi huko kwenye Kombe nitatazama kila mechi mpaka filimbi, na kila mara nitakuja hapo ulipo. Wakishindwa utaniona na karanga, kama kawaida yetu, wala hutaniuliza.

Ijumaa hii nakuja mikono mitupu.

Wako,
Wekesa