Vijidudu vya Wifi Rehema

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Natumaini siku hizi unapanda kwenda kanisani bila kukaa njiani, na kwamba baridi ya mwaka huu haikuwasumbua sana. Sisi huku Ujerumani tuko salama, na safari hii nikisema salama naomba uamini. Nakula nashiba, na wiki iliyopita nimerudi kazini kwa wazee wangu ninaowatunza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa na Mlalo nzima inasikiliza. Haya ni yako peke yako. Vaa miwani.

Unakumbuka tulikuambia tumbo linanisumbua kidogo. Tulikudanganya, mama, unisamehe. Nilikaribia kufa. Ilianza na jino. Daktari wa meno alinipa dawa kali, na mimi kwa ujuaji wangu nikaongezea vile vidonge vya rangi mbili ulivyonifungia kwenye soksi nilipoondoka. Nilikuwa navimeza tangu nifike, kimoja nikikohoa, viwili tumbo likinguruma, kama tulivyozoea nyumbani. Jino likapona, tumbo likaanza kuendesha. Wakinipa dawa hospitalini napata nafuu, nikimaliza dozi naanza upya, mara tatu hivyo. Ikafika mahali kaka Hosea ananibeba kwenye ngazi.

Daktari, mama mmoja mpole mwenye mvi, akatuweka chini akatueleza. Tumboni mwa kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vingi kuliko watu wote duniani. Vingine viko kwenye ngozi, vingine mdomoni. Vingi havina ubaya, vinasaidia kusaga chakula na kuvizuia vile vibaya visipate pa kukaa. Vya kwangu nilikuwa nimeviua mwenyewe, kidonge kwa kidonge, na kijidudu kimoja kibaya kikabaki kinatamba kama mbuzi kwenye shamba lisilo na mwenyewe. Dawa iliyobaki ilikuwa kutiwa vijidudu vya mtu mwingine mwenye afya. Na vinapopatikana, mama, ni kwenye choo chake kikubwa.

Usiweke barua chini. Hata mimi nililia, nikasema bora nife.

Hosea alijitolea kwanza. Wakamkataa, maana naye alikuwa ametoka kumeza rangi mbili kwa ajili ya mafua. Akabaki mkewe, Rehema.

Najua jina hilo hulipendi. Tangu Hosea amwoe hujamwita mkamwana hata siku moja. Ulisema ni mtoto wa kambi ya chai, watu wa kuja, ukoo wake haujulikani. Basi nikuambie, hospitali waliuchunguza. Walimpima damu, wakampima choo, wakauliza baba yake aliumwa nini, mama yake aliumwa nini, anakula nini, amesafiri wapi. Washenga wetu wote wakikusanywa hawajawahi kuuliza maswali mengi hivyo. Akaonekana safi.

Mimi ndiye niliyeona haya. Yeye alicheka. "Wifi, mimi nimekulia kambini, choo kimoja familia kumi. Aibu hiyo niliimaliza zamani. Wewe pona tu."

Kile choo chake wakakikoroga, wakakichuja, wakanitia kwa mpira nikiwa nimelazwa kwa dawa ya usingizi. Siku ya nne niliomba ugali. Hosea alitoka nje kulia, akarudi anasingizia vitunguu. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na Rehema sijui nimshukuru vipi hata itoshe.

Nilijaribu, tukiwa jikoni. Akaendelea kuosha vyombo. Akasema, "Ila mama usimwambie. Atasema nimekulisha kitu." Nami nakujua, mama yangu, na nakupenda, na ungesema.

Kwa hiyo ninakuambia mimi mwenyewe, bila ruhusa yake. Desemba tunakuja. Yeye amepanga abaki gesti Lushoto mjini, mimi na Hosea tupande Mlalo peke yetu, ili asikuharibie Krismasi.

Nisalimie mjomba Yona, na shangazi anayeuza peasi sokoni, mwambie nazitamani. Dada zangu wa kwaya nao usiwasahau. Na vile vidonge kwenye kopo juu ya kabati, usimpe tena mtoto yeyote mpaka zahanati waseme.

Ombi langu ni moja. Hosea anapokupigia kila Jumapili, Rehema husimama nyuma yake na taulo la vyombo mkononi, anasikiliza kama utamuulizia. Simu ikikatwa anarudi jikoni. Jumapili hii, mama, muulizie.

Ni mimi binti yako niliye hai,
Naomi