Mkanda Unaonenepa Ukivutwa

Mpendwa kaka Elibariki,

Shikamoo. Ukiitikia marahaba nitakimbia, lakini adabu ni adabu.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho, ulipotuletea hapa Chome ule mkanda wa sponji ya kijivu kutoka chuoni? Ulitukalisha jikoni, mimi na mama. Kwanza ukavuta mpira wa sketi yangu ya zamani, ukawa mwembamba kama mpira wowote. Kisha ukampa mama ncha moja ya mkanda, wewe ukashika nyingine, mkavuta. Mkanda ukanenepa. Mama aliachia upesi, akafuta mkono kwenye kanga.

"Huo ni uchawi," akasema.

"Ni oksetiki, mama. Neno la Kigiriki, la mambo ya kukua. Ndani kuna vijumba vimejikunja. Ukivuta vinakunjuka, mkanda unapanuka."

Ulisema iko siku tutavaa kofia za bodaboda na kufungwa bandeji za namna hiyo. Nikakuuliza, je, mkanda unaweza kunenepa wenyewe?

"Hapana. Lazima awepo wa kuvuta," ukasema, ukanicheka.

Ukaupigilia msumari mlangoni uwe pambo. Wiki hiyohiyo ukapanda msitu wa Shengena kumfuata ng'ombe wa baba aliyepotea. Ukungu ukashuka. Ng'ombe alirudi mwenyewe jioni, wewe hukurudi.

Mwaka wa pili huu. Kesho ukoo unazika mgomba badala yako, kama tunavyomfanyia asiyeonekana mwili, ili mama alie na amalize. Nilikubali. Nimechoka kukungoja, kaka, nasema kweli.

Leo asubuhi ukungu uliposhuka, nilikwenda kuung'oa mkanda tuuzike pamoja na shati lako. Haukuwa unaning'inia. Ulikuwa umenyooka kutoka msumarini kuelekea mlimani ulikopotelea, ncha ya pili haina mtu, nao umenenepa wote.

Nimemwambia baba wasikate mgomba. Amenitazama kama mtazama mgonjwa, halafu akasema, "Haya. Tungoje ukungu uondoke, nije nione mwenyewe."

Nimeung'oa msumarini nikaushika mwenyewe. Naogopa, lakini nimeushika. Mkono wa pili ndio unaoandika. Sasa ukungu unaanza kuondoka, naliona paa la jirani, nasikia viatu vya baba uani, na mkanda unazidi kuwa mwembamba mkononi mwangu.

Usiachie, kaka.

Mdogo wako, niliyeshika huku.